Kopo la kunasia oili kwenye gari la tabo: lini linafaa na linafungwaje

Kijana alishuka kwenye Golf GTI ya 2011 amekumbatia boksi kama aliyetumwa keki ya harusi. Akaniamkia, nikamwitikia, akaliweka boksi juu ya benchi langu.

"Fundi, hili nimeagiziwa Dubai. Naomba unifungie leo leo. Wenzangu wote wenye tabo wanalo."

Ndani mlikuwa na kopo la kunasia oili inayobebwa na hewa inayotoka kwenye injini, la aluminiamu ya bluu, linang'aa kuliko sufuria ya wageni. Juu lina midomo miwili ya kuchomekea mipira, ubavuni lina kimrija cha plastiki cha kuonyesha oili imefika wapi. Nikachukua bisibisi, nikafungua mfuniko, nikamgeuzia atazame mwenyewe. Tupu. Hamna wavu, hamna ukuta wa kugawa, hamna hata kibomba cha kuishusha hewa chini. Kinachoingia kwa mdomo huu kinatokea kwa mdomo ule ulio sentimita 4 pembeni, na oili yake yote bado iko nayo.

Kabla hajanuna nikavuta kijiti cha oili cha gari lake. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu nusu sentimita. Aliyemfanyia servisi alikuwa amemimina galoni nzima ya lita 5, na injini ile inataka lita 4.6 hivi. Nikawasha. Injini ikapiga mluzi mwembamba, na mfuniko wa kujazia oili ulikuwa umevutwa chini kiasi kwamba ilibidi niutumie mikono miwili kuung'oa. Gari lilikuwa na shida mbili, na kopo halikuwa dawa ya hata moja.

Yafuatayo ndiyo niliyomweleza siku ile pale gereji, Tabata, Dar es Salaam, pamoja na yale niliyomkatishia kwa sababu kulikuwa na Noah mbili zinasubiri breki.

Injini inapumua

Ringi za pistoni hazizibi moja kwa moja, hata kwenye injini iliyotoka kiwandani jana. Kila petroli inapolipuka, moshi kidogo hupenya pembeni ya ringi na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukijaa humo bila pa kutokea, utazisukuma sili na gasketi mpaka zivuje. Magari ya zamani yalikuwa na bomba tu linaloning'inia chini ya injini na kuutema moshi ule barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo la California kule Marekani likaanza kulazimisha urudishwe ndani ya injini uchomwe, na valvu ya PCV, inayoupitisha moshi huo kurudi kwenye injini, ikaenea kutoka hapo.

Shida ni kwamba moshi huo, mimi nauita pumzi, hausafiri peke yake. Umepita kwenye sampu ambamo krankshafti, mtaimbo unaozungushwa na pistoni, inachapa oili maelfu ya mara kwa dakika, kwa hiyo unabeba ukungu wa oili, mvuke wa maji na petroli kidogo isiyoungua.

Gari la tabo, yaani lenye kipulizi kinachoshindilia hewa kwenye injini, lina njia mbili za pumzi, na ambaye hajazielewa asishike spana. Ukiwa kwenye foleni au ukienda polepole, manifodi ya kuingizia hewa inavuta, PCV inafunguka, na pumzi inaingia moja kwa moja kwenye manifodi. Ukikanyaga, tabo inaijaza manifodi presha. PCV inajifunga ili presha isirudi kwenye sampu, na pumzi inatafuta mpira wa pili, ule unaokwenda kwenye bomba lililo kati ya filta ya hewa na tabo. Huo wa pili ndio unaolowesha tabo, mabomba na intakula, kile kipoza hewa ya tabo, na unafanya hivyo wakati ambao pumzi ni nyingi zaidi, maana silinda zinapokea mkandamizo mkubwa.

Kwa hiyo ukifungua mpira wa intakula ukakuta utando wa oili, usipige kelele. Utando ni kawaida. Ikimiminika mpaka chini, hapo ndipo uanze kuuliza maswali.

Inategemea petroli inaingilia wapi

Swali la kwanza si ukubwa wa tabo. Ni nozeli za kunyunyizia petroli zimekaa wapi.

Chukua Subaru Forester ya miaka ya 2002 hadi 2007, ile ya injini ya EJ20 yenye tabo. Nozeli zake zinamwagia petroli nyuma ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo kila mzunguko valvu zinaoshwa. Oili kidogo inayopita haipati nafasi ya kuganda. Mimi ninalo gari hilo, la 2004. Nilipofungua manifodi likiwa na kilomita 160,000 na ushei, bila kopo lolote, valvu zilikuwa na rangi ya kahawa lakini safi. Kwa gari kama hilo linalokwenda kazini na kurudi, kopo ni kipimo kuliko kinga. Faida yake inakua ukiwa umeongeza presha ya tabo au unakimbiza kwenye joto kwa muda mrefu, kwa sababu ukungu wa oili ukiingia kwenye silinda unafanya petroli igonge, yaani ijilipukie kabla ya wakati wake, na kugonga ndiko kunakovunja pistoni.

Golf ya kijana ni mambo mengine. Nozeli zake zinapuliza ndani ya silinda kwenyewe, kama zile injini za D4 za Toyota ambazo kila fundi wa mjini ana hadithi zake. Hakuna petroli inayogusa mgongo wa valvu. Ukungu wa oili unatua pale, unapikwa na joto, unakuwa kaboni ngumu kama masizi ya chungu. Forester ya tabo ya kuanzia mwishoni mwa 2012, yenye injini ya FA20, nayo iko kundi hili. Hapa kopo zuri lina kazi ya kweli. Halizuii kaboni moja kwa moja, maana kuna oili inayopita kwenye shina la valvu na kuna masizi ya injini yenyewe, ila linachelewesha. Na kaboni iliyokwishaganda halitaiondoa. Hiyo unafungua manifodi, unahakikisha valvu za silinda hiyo zimefunga, unasugua kwa dawa na brashi, au unapuliza maganda ya jozi yaliyosagwa kwa mashine kama unayo.

Dizeli zina kisa chao. Prado na Hilux za D-4D zina valvu ya EGR inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye manifodi. Masizi makavu ya EGR yakikutana na ukungu wa oili yanatengeneza lami. Nimekwangua manifodi ya 1KD, mojawapo ya injini hizo za D-4D, ambayo tundu lake lilikuwa limebaki la kupitisha kidole gumba. Australia, ambako Prado na Land Cruiser zinapigishwa jangwa, wengi hufunga ProVent 200 ya Mann+Hummel, yenye filta ya kubadilisha na valvu ya usalama inayofunguka filta ikiziba. Kama unaniuliza ni gari gani ningelitangulizia kopo, ningeanza na dizeli hizi, kisha tabo za nozeli za ndani, na Forester yangu ningeiacha mwisho.

Pima kwanza

Kopo kwenye injini mbovu ni ndoo chini ya bati linalovuja. Anza na kijiti: gari limesimama sawa, injini imezimwa dakika 10, oili iwe kati ya alama mbili. Iliyozidi inachapwa na kugeuka povu, na pumzi inaibeba kwa wingi. Kwenye Golf tulipunguza kiasi kinachokaribia nusu lita, na hiyo peke yake ilikuwa nusu ya tiba.

Halafu PCV. Zile za chuma za Subaru na Toyota unazichomoa, unazitikisa uzisikie zikigonga ndani, kisha unazipuliza: hewa ipite upande mmoja tu. Ikipita pande zote, presha ya tabo inaingia kwenye sampu kila unapokanyaga, na utashangaa kwa nini sili ya nyuma ya krankshafti haidumu. Kwenye Golf ni kifaa cha plastiki juu ya injini chenye kiwambo cha mpira ndani. Kiwambo kikichanika unapata ule mluzi, injini inatetemeka bila kukanyagwa, na mfuniko wa oili unang'ang'ania. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake ya pili.

Mwisho pima mkandamizo wa silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, ringi au valvu zina neno. Ukilegeza mfuniko wa oili injini ikiwaka na moshi ukatoka kwa kusukuma, puf, puf, puf, weka akiba ya ovahoo usinunue mapambo. Na kama gari linatoa moshi wa bluu ukiachia mafuta baada ya kukanyaga, tazama tabo yenyewe na bomba lake la kurudishia oili. Oili inayovuja kwenye sili ya tabo inaingia baada ya kopo, kopo haliioni kabisa.

Kopo lenyewe

Lifungue dukani. Muuzaji akikataa, ondoka. Ndani utafute vitu vitatu: njia inayoilazimisha hewa ishuke na kugeuka kabla ya kupanda, ukuta au bamba lenye matundu linalotenga oili iliyonaswa isirushwe tena, na wavu ambao ukungu utagongana nao na kuwa matone. Chini kuwe na koki au nati ya kumwagia. Nusu lita inatosha. Kimrija cha plastiki cha pembeni sikipendi, kinapauka kwa joto, kisha kinapasuka, na tundu dogo hapo linaingiza hewa ambayo sensa haikuipima. Mimi hukitoa na kuziba kwa nati.

Kopo tupu kama la kijana linaweza kuokolewa. Nunua zile stiliwaya za kusugulia sufuria, lakini zile za pua zisizoshika kutu, zenye nyuzi pana zilizojikunja. Zile nyembamba za kijivu zinakatika vipande na kuoza, na vipande vitafuata hewa mpaka kwenye tabo. Shindilia kiasi tu, ukipuliza kwa mdomo hewa ipite bila kukaza mashavu. Weka bamba lenye matundu juu yake lililofungwa kwa skrubu, pasibaki kitu cha kunyonywa.

Mipira ndiyo iliyonigharimu mimi. Mara ya kwanza nilifunga Forester yangu kwa mpira wa hita, ule wa kupitisha maji, kwa sababu kipenyo kilikaa sawasawa na ulikuwepo kwenye boksi la makorokoro. Mpira wa maji haupatani na oili. Baada ya kama miezi mitatu ulikuwa umevimba na kulegea kama utumbo, na gari likiunguruma tu bila kukanyagwa ulikuwa unabanwa na mvuto mpaka unajifunga. Pumzi ikakosa njia, ikasukuma gasketi ya kava ya valvu upande wa kushoto, oili ikadondokea ekzosi. Nilikuwa nasikia harufu ya oili ya kuungua nikilaumu gari la mbele yangu. Omba mpira wa oili au wa petroli, wenye nyuzi ndani, na kipenyo cha ndani kisiwe kidogo kuliko cha mpira wa awali. Kwenye magari mengi ni kati ya milimita 16 na 19.

Kufunga

Injini iwe imepoa. Piga picha mipira yote kabla ya kugusa klipu hata moja. Najua unajiamini, piga tu.

Tafuta mahali pa kopo mbali na tabo na ekzosi. Kopo linanasa vizuri likiwa baridi kuliko pumzi inayoingia, maana ukungu unageuka matone kwenye ukuta wa baridi kama jasho la chupa ya soda. Pembeni ya betri au kwenye ukuta wa mbele karibu na taa panafaa. Lifunge kwenye bodi, si kwenye injini, na uache mipira iwe na ulegevu kidogo kwa sababu injini inacheza. Ipitishe bila kuacha bonde katikati. Kila bonde litakuwa bwawa la maji na oili, na siku moja litanyonywa lote kwa mkupuo.

Ukifunga kwenye njia ya tabo, ambayo ndiyo ningeanza nayo kwa gari linalokimbizwa, kata mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bomba lililo kati ya filta na tabo: upande wa injini uingie kwenye mdomo wenye kibomba cha kushuka, upande wa tabo utoke kwenye mdomo mwingine. Ukigeuza, kopo linakuwa limenasa hewa tu.

Ukifunga kwenye njia ya manifodi, kopo likae kati ya sampu na PCV, na PCV ibaki. Nimeletewa gari ambalo kopo liliwekwa baada ya PCV, upande wa manifodi. Kila dereva akikanyaga, kopo lilikuwa linajazwa presha ya tabo, mpaka mfuniko ukaruka na kutoboa zulia la boneti. Kama PCV ya gari lako imejikaza kwenye injini yenyewe na huwezi kutangulia mbele yake, ongeza valvu ya njia moja kati ya kopo na manifodi, inayopitisha kwenda manifodi tu. Kwenye Golf kipande cha PCV kimebeba kila kitu pamoja, kwa hiyo kopo la kuungia popote halikai bila kipande maalumu cha kuelekeza pumzi. Nunua seti iliyotengenezwa kwa injini hiyo.

Usiache njia wazi itemee hewani. Unaona kopo zenye kifiltafilta juu? Hizo ni za mashindano. Barabarani utanusa oili ndani ya gari kila ukisimama kwenye taa, na gari linalopima hewa kwa sensa litachanganyikiwa kwa sababu hesabu ya hewa haitimii.

Kaza klipu, washa, sikiliza kama kuna mluzi.  Taa ya cheki injini ikiwaka siku mbili baadaye, kuna kiungo kinavuta hewa.

Kilichonaswa kinasemaje

Shemeji yangu ni nesi, alinipa bomba la sindano la mililita 60, na hilo ndilo kipimo changu. Forester yangu, kilomita 1,000 za mjini, Tabata kwenda Posta na kurudi: mililita 12, nyingi yake maji, rangi ya chai ya maziwa. Safari ya Iringa kwenda na kurudi, inayokaribia kilomita hizo hizo, ilitoa 35, nyeusi, oili tupu. Najua ilitoka wapi. Mikumi unaenda 50 kwa saa ukiwatazama twiga, hakuna presha yoyote hapo. Ni Kitonga, unapanda nyuma ya lori halafu unapata upenyo, unakanyaga.

Imimine kwenye chupa ya kioo ilale usiku mmoja. Maji yatakaa chini, oili juu, na ukinusa utapata petroli. Maji mengi maana yake ni safari fupi, injini haipati joto la kutosha. Wa Njombe na Makete, kwenye baridi, wataona mengi kuliko sisi wa pwani. Ndugu zetu walio Minnesota au Toronto wawe na tahadhari zaidi: maji hayo yanaganda barafu ndani ya kopo au mpira, njia inaziba, na sili zinatoka. Wao kopo wamwage kila wiki wakati wa baridi, au walitoe mpaka majira yageuke.

Nilishapata gari lililojaza kopo la mililita 400 kwa kilomita 600. Mwenyewe alifurahi, "Ona linavyofanya kazi!" Mimi nilichukua kipimo cha mkandamizo. Silinda namba 3 ilikuwa imekwisha.

Kiasi kilichonaswa hakikuambii kilichopita. Kwa hilo, futa ndani ya mpira unaotoka kwenye kopo mpaka ung'ae, tembea kilomita 1,000, kisha ingiza tishu nyeupe kwenye ncha ya kalamu usugue. Tishu ikitoka nyeusi na kulowa, kopo ni pambo. Kagua kopo kila kilomita 1,500 mwanzoni, baadaye utajua mwendo wa gari lako. Kilichomo usikirudishe kwenye injini, kina maji na petroli. Weka kwenye dumu la oili chafu.

Kijana wa Golf tulimbadilishia PCV, tukaishusha oili, mluzi ukaisha. Nilimwambia aendeshe miezi miwili kwanza. Alirudi na seti ya injini yake, yenye kuta ndani na koki chini, tukafungua manifodi tukakuta kaboni nene kama nilivyotarajia, tukasugua silinda moja baada ya nyingine siku nzima, kisha tukafunga. Kilomita 1,000 za kwanza zilitoa mililita 9. Tangu hapo amenitumia picha mbili, na zote ni za kijiti cha oili, oili ikiwa katikati ya alama.